Kitundu cha Mbele ya Gia

Aiskrimu ilifika kwenye sherehe ikiwa uji. Mama Barafu alifungua friji yake ndogo mbele ya mwenye nyumba, na mbele ya kundi la watoto waliokwisha kupanga foleni na vijiko mkononi, akakuta ndani hamna cha kuchotwa. Rangi ya waridi ilikuwa imeingia kwenye ya kahawia, ya kahawia imeingia kwenye nyeupe, na zote zinachezacheza kila bakuli lilipotikiswa. Mwenye nyumba hakupandisha sauti. Aliagiza mirija. Watoto walinywa, wakalamba midomo, wakaomba tena, lakini mwenye nyumba alitoa nusu ya malipo na kusema kwa upole kwamba siku akitaka juisi atawaagiza wauza juisi.

Upole ule ndio uliouma. Angetukanwa, Mama Barafu angejua la kujibu, maana ulimi anao. Kwa upole hakuwa na dawa. Alibeba friji yake akatokea mlango wa nyuma, na mumewe, aliyekuwa akisinzia garini, akajua kuna jambo kwa jinsi mlango ulivyofungwa.

Mumewe hushona makochi, na mtaani wanamwita Makochi tu, hata wanaomdai. Aliuliza kulikoni. Akaambiwa atazame mwenyewe. Akatazama, akagusa ubavu wa friji, akaukuta wa moto.

Friji ile hula umeme wa gari. Waya wake huchomekwa kwenye soketi, kile kitundu chenye kifuniko kilicho mbele ya gia, ambacho zamani kilikuwa cha kuwashia sigara na siku hizi watu wanachajia simu. Siku zote kilikuwa kikifanya kazi. Siku ile kilikuwa kimekufa, na safari nzima friji ilikaa kama sanduku la kawaida.

"Nilikwambia friji ya mtumba ina mambo yake," alisema Makochi.

"Na mimi nilikwambia nini kuhusu gari la mtumba?"

Hapo wakanyamaza wote wawili, kwa sababu kila mmoja alikuwa na haki ya kusema mengi. Friji alinunua mke bila kumuuliza mume. Gari alinunua mume bila kumuuliza mke. Walikuwa wamesameheana siku nyingi, lakini msamaha wa namna hiyo huwekwa karibu, mtu asihangaike kuutafuta akitaka kuufuta.

Kilichowatia hofu zaidi ni harusi ya Jumamosi. Msimamizi wa ukumbi mkubwa wa sherehe, mwanamke mmoja mrefu asiyependa mzaha, alikuwa amekubali kumjaribu Mama Barafu mara moja tu. Alimpa masharti akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi: aiskrimu ikifika ngumu, sherehe zote za Jumamosi ni zake, ikifika laini, wasijuane. Na Makochi siku hizi kazi zimempungua, watu wananunua makochi yaliyokwisha tengenezwa na kulipa kidogo kidogo. Kodi ya nyumba ilikuwa imehamia kwenye aiskrimu bila mtu kutangaza. Wakiukosa ukumbi ule, watahama wao.

*

Sasa msomaji anapaswa kujua jambo ambalo wenye gari hawakulijua. Soketi ilikuwa na ugonjwa mdogo sana, na ugonjwa huo aliuleta mama mkwe.

Mama yake Mama Barafu alikuwa amekuja kukaa kwa binti yake kwa ajili ya goti. Ni mama aliyefanya kazi kiwanda cha sabuni ujana wake wote, akalea watoto kwa mikono yake, na akajiapia kwamba siku ya kuwa mzigo kwa mtu haitamkuta. Goti likamkuta kwanza. Makochi alimpokea kwa heshima zote. Alimwendea kituoni, akampa kiti cha mbele, akamfungia mkanda bila kumtazama usoni, na mkewe akapelekwa nyuma pamoja na mizigo.

Kumwambia mkwe apokee nauli, mama mkwe aliona ni kumtusi. Kutolipa kabisa, aliona ni kujitusi yeye. Basi akawa anaangalia huku na huku. Katika miaka yote aliyopanda basi la mjini kwenda kiwandani, hakuna abiria aliyemkabidhi dereva pesa. Kando ya dereva palikuwa na tundu lenye kifuniko. Unafunua, unatumbukiza, unafunika, unakwenda kukaa, na dereva hageuki. Aliposhusha macho akaliona tundu, kando ya dereva, lenye kifuniko, alifarijika sana. Akasubiri Makochi atazame kioo cha pembeni, akafunua, akatumbukiza sarafu, akafunika.

Makochi hakugeuka. Hakushukuru, hakukataa, hakusema chochote. Mama mkwe akajisemea moyoni kwamba binti yake ameolewa na mtu mwenye adabu kubwa.

Tangu siku hiyo, kila alipopelekwa zahanati kwa ajili ya goti, alilipa. Na kwa kuwa kuta za nyumba ile ni nyembamba, alisikia vizuri binti na mkwe wakizozana kuhusu gari, jinsi lilivyo na gharama, jinsi lilivyowatia hasara kwenye sherehe ya watoto. Ilimuuma. Siku iliyofuata ya zahanati akatumbukiza sarafu kubwa zaidi.

*

Makochi hakulipeleka gari kwa fundi. Mwanamume anayeweza kuvua kochi zima likabaki mbao, akalivisha tena likapendeza, hawezi kushindwa na kitundu. Hivyo ndivyo alivyomwambia mkewe, na mkewe akajibu kwamba kochi halina umeme.

Alifungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani, akaipata ya soketi, akaona imekata. Alifurahi, kwa sababu fyuzi ni kitu rahisi. Akaweka mpya. Ikakata kabla hajatoa mkono. Akaweka nyingine, nayo ikaenda. Alipojaribu kuchomeka plagi ya friji haikuingia hadi mwisho, ikabaki imechungulia nje, akaisukuma kwa kiganja na kuilaumu kwa kutengenezwa ovyo. Kuinama na kuchungulia ndani ya kitundu hakukumjia akilini, kwa kuwa alikwisha amua kwamba mwenye makosa ni friji.

Dukani kwa vipuri aliomba fyuzi yenye nguvu kuliko zote. Muuzaji akamuuliza ni ya kifaa gani. Akajibu kwamba ni ya kazi. Muuzaji akamtazama, akaitoa, akampa na chenji yake.

Fyuzi ile kweli haikukata, ila kilichotokea ni moshi. Ulitoka kwa utaratibu kwenye kile kitundu, mwembamba, wenye harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa jikoni, na Makochi akaruka kuing'oa ile fyuzi huku akipuliza kwa mdomo. Soketi ilikuwa imelainika na kupinda upande mmoja. Kwa aibu akaipachika tena fyuzi mahali pake ikiwa imelegea, isiguse kitu, ili mtu akifungua aone kila tundu lina chake. Kisha akafungua vioo vyote, akazunguka na gari mitaa mitatu minne ili harufu itoke, na ilipokataa kutoka akanunua chupa ya marashi ya bei rahisi akapuliza viti vyote.

Jioni Mama Barafu alipanda gari waende kununua maziwa. Akanusanusa hadi kwenye kona ya kwanza.

"Marashi haya ni ya nani?"

"Ya gari."

"Gari limeanza lini kujipaka marashi?"

Makochi aliona njia ziko mbili, akaichagua iliyokuwa na hatari ndogo. Alisema soketi imeungua. Hakusema imeunguaje. Mama Barafu alinusa tena, akainama hadi kwenye kitundu, akaipata harufu ya kweli chini ya ile ya dukani, akaegemea kiti. Alikuwa amekasirika, lakini pia alikuwa ametua mzigo mmoja, na ikabidi atazame dirishani asicheke.

"Kesho tunakwenda kwa fundi," alisema. "Na mama tutakuwa naye, maana ni siku ya goti."

*

Fundi umeme wa magari wa mtaa wa pili anaitwa Taratibu. Jina alipewa kwa sababu ndilo neno lake kwa kila skrubu anayoifungua, na pia kwa sababu hana utaratibu hata kidogo. Bisibisi zake zimo kwenye sufuria, kuukuu na mpya pamoja, na anapotafuta moja humwaga zote. Ila mkono wake ni mwepesi, na bei yake huisema kabla ya kazi, jambo ambalo mafundi wengi huliona ni udhaifu.

Mama mkwe alikalishwa kwenye benchi mlangoni, goti limenyooshwa, mkoba mapajani. Taratibu alifungua boneti, akachomoa waya mmoja wa betri ili asije akachezea umeme ulio hai, akaingiza kichwa na mabega chini ya dashibodi. Tukasikia, maana nusu ya mtaa ilikuwa hapo, akisema taratibu, taratibu, kisha plastiki ya kuzunguka gia ikatoka nzima. Akaifikia soketi kwa nyuma, akachomoa waya zake mbili, akafungua pete inayoishika, akaivuta. Ilitoka kwa shida kwa sababu ya kule kupinda.

Aliitikisa sikioni. Ikalia.

"Nyumba hii ina mtoto mdogo?" aliuliza.

Akaambiwa hapana. Akaipindua, akaipiga kwenye ubao, na sarafu mbili zikaanguka. Ya tatu, ile kubwa, ilikuwa imegandana na plastiki, akaing'oa kwa koleo. Fundi alicheka sana, akasema ameona magari yanayokula mafuta, yanayokula matairi, hata linalokula klachi kila mwezi, lakini linalokula pesa taslimu ni mara yake ya kwanza. Waliokuwa karibu wakacheka naye. Makochi akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, kila mmoja akimtafuta mwizi aliyegeuka mtoaji.

"Hizo ni nauli zangu," alisema mama mkwe kutoka kwenye benchi.

Kicheko kilikatika vipande vipande, kuanzia walio karibu naye. Aliulizwa na binti yake nauli gani. Akaeleza, bila haraka, habari ya basi la mjini na tundu la kando ya dereva, na jinsi mkwe wake alivyokuwa na adabu ya kutogeuka. Alieleza vizuri, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyokuwa akielewa mwenyewe, hadi sauti ikampungua. Alimwona binti yake ameshika sarafu iliyoungua. Akakumbuka sherehe ya watoto na ile mirija aliyosimuliwa.

"Kumbe niliyeyusha mimi," alisema.

Mama Barafu alitaka kusema siyo, na ulimi wake, ule ule wa kila siku, ukamkatalia. Mama mkwe hakungoja. Alitoa simu kwenye mkoba, akampigia mwanawe mkubwa, akamwambia mbele ya watu wote kwamba goti limepata nafuu na aje amchukue Jumamosi ya wiki ijayo. Hakulia. Alikunja simu kwenye kitambaa chake, akatazama barabara, na ilikuwa inaumiza kumtazama.

Taratibu naye, ambaye hakuwa na kosa ila kucheka, akatafuta la kufanya ili asitazame benchi. Akafungua kisanduku cha fyuzi. Akaichomoa ile ya Makochi kwa vidole viwili na kuipandisha juu kwenye mwanga.

"Hii aliweka nani?"

Makochi angeweza kunyamaza. Lawama ilikwisha pata mwenyewe, tena mwenyewe aliyeichukua kwa hiari, na mkewe alikuwa hajaelewa maana ya rangi za fyuzi. Alikumbuka yale makochi ya watu anayoyashona maisha yake yote, sijui kwa nini yalimjia wakati ule, jinsi anavyoficha mshono mbaya upande wa ukutani. Akaenda akachuchumaa mbele ya benchi, jambo ambalo mkwe hafanyi hivi hivi.

"Mama, sarafu zako zilikata fyuzi tu," alisema. "Fyuzi kazi yake ni kukata. Ningechungulia mle ndani mara moja ningeziona, tungecheka, yakaisha. Aliyeunguza soketi ni mimi, niliweka fyuzi ya kifalme kwa kiburi. Nilikuwa nikimlaumu mkeo wangu na friji yake." Ulimi ulimteleza kwa woga, akarekebisha: "Mke wangu."

"Angeliunguza gari zima," fundi akaongeza, akidhani anasaidia.

Mama mkwe alimtazama mkwe wake usoni, pengine kwa mara ya kwanza tangu harusi. Alimwambia ainuke, anajichafua suruali. Safari hakuifuta. Lakini alikubali soda ambayo alikuwa ameikataa mara mbili.

Soketi mpya ilifungwa mchana ule. Taratibu alikata ncha za waya zilizoungua, akazimenya upya, mwekundu akaupeleka katikati, mweusi ubavuni, akakaza pete hadi soketi ikatulia, akarudisha waya wa betri. Fyuzi aliweka ndogo, inayotakiwa, na akamlazimisha Makochi aisome namba yake kwa sauti. Friji ilipochomekwa ikaingia hadi mwisho na kuanza kunguruma. Mama Barafu aliweka mkono juu yake akaacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Jumamosi mama mkwe alisema atabaki nyumbani. Gari lile amelitesa vya kutosha. Mama Barafu akamwambia anahitaji mtu wa kushika boksi la vikombe vya karatasi, visipondeke, na hilo lilikuwa kweli nusu. Mama mkwe alipoketi mbele, mkono wake ulianza safari kuelekea mkobani, ukasita.

"Leo hulipi, mama," Makochi alisema, macho yakiwa barabarani. "Leo wewe si abiria. Unakwenda kazini."

Waliingia ukumbini kwa mlango wa jikoni. Wageni walikwisha kula, meza zinafutwa, na msimamizi alikuwa amesimama pale pale kama siku ya masharti, na funguo zile zile. Hakusalimu sana. Alichukua kijiko, akafungua bakuli, akachoma. Kijiko kikapinda.

Mama Barafu, kwa hofu ya uji, alikuwa ameiacha friji kwenye baridi kali kuliko zote tangu jana yake, nyumbani na njiani. Msimamizi alikitazama kijiko chake, akakinyoosha kwa kidole, akajaribu upande wa pili. Kikapinda tena.

"Nilisema ngumu," alisema. "Sikusema tofali."

Huko ukumbini bwana harusi alikuwa amekwisha tangaziwa aiskrimu. Makochi alishika mwiko wa kuchotea kwa mikono miwili, akabonyeza, akatoa chenga mbili zilizoruka hadi kwenye shati lake. Mama Barafu alijaribu kisu. Msimamizi alitazama saa ya ukutani, na mwanamke yule alijua kutazama saa. Kazi ya kila Jumamosi ilikuwa ikiondoka mbele yao, safari hii kwa sababu ya ugumu.

Mama mkwe aliweka boksi la vikombe mezani. Akaomba maji ya moto kwenye beseni, na akaomba kiti, kwa ajili ya goti. Hakuomba ruhusa. Alikunja mikono ya gauni, na ile mikono ikaonekana, ya mtu aliyekata miche ya sabuni kiwandani miaka na miaka kabla mashine hazijaletwa. Alitumbukiza mwiko kwenye maji ya moto, akautoa, akauegemeza, akavuta kwa bega zima kuelekea kifuani. Ukanda mrefu wa aiskrimu ukajikunja ukaingia kwenye kikombe. Akarudisha mwiko majini. Akavuta tena.

Walisimama wakimtazama hadi akawauliza kama vikombe vitajipeleka vyenyewe. Ndipo kila mtu akapata kazi. Makochi alipanga vikombe, Mama Barafu alipeleka sinia, wahudumu wakapokea, na msimamizi mwenyewe akajikuta anabadilisha maji ya beseni kila yalipopoa, na funguo ameziweka mfukoni. Bibi harusi aliomba kikombe cha pili. Mama mkwe alimpakulia kikubwa, akamwambia ale taratibu asije akaumwa na meno siku yake ya furaha.

Bakuli la mwisho lilipokwisha, msimamizi alikusanya vijiko vyake vilivyopinda. Akamwambia Mama Barafu baridi ya friji ipunguzwe kidogo, na Jumamosi ijayo wafike mapema, kuna wageni wengi zaidi. Kisha akaelekeza kidevu kwenye kiti.

"Na huyo mama aje. Bila yeye msije."

Mama Barafu alitaka kujibu kwa heshima ya kibiashara, akashindwa, akamkumbatia yule msimamizi mrefu kifuani, aproni na yote. Furaha ilimjaa hadi ikamtia aibu. Msimamizi alivumilia kwa muda wa kutosha.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado lipo, friji tupu inanguruma nyuma ya gia kwa sababu hakuna aliyetaka kuizima. Simu ya mama mkwe ikaita mkobani. Alikuwa mwanawe mkubwa, na sauti yake ni ya kusikika hata kwa wasiopigiwa. Alisema amekwisha omba ruhusa kazini, amekwisha azima gari, Jumamosi asubuhi atafika kumchukua, mama awe tayari mlangoni.

Mama Barafu, aliyekuwa kiti cha nyuma, aliinama mbele. Makochi alipunguza mwendo.

Mama mkwe alitazama mikono yake, bado ina ubaridi na sukari kwenye vidole.

"Jumamosi siwezi, mwanangu," alisema. "Jumamosi nina kazi."